Unga wa Bamia wa Mkwe

Kopo lilikuwa la siagi, la kilo moja. Rangi yake ya njano ilishafifia kwa kuoshwa, na mfuniko ulifungwa kwa kipande cha kanga ili usifunguke njiani. Lilifika Ngulyati mwezi wa tano, mikononi mwa mkwe, yaani mama mzazi wa mke wa kaka yangu, aliyekuja kutoka Mwamapalala kumwona binti yake na kumjulia hali mama yangu. Alipofungua ile kanga tuliona unga wa rangi ya kijani iliyokolea. Alituambia kwamba ni bamia. Alizikata mwenyewe, akazianika juu ya jiwe kama tunavyoanika mboga nyingine za kiangazi, akazitwanga pamoja na majani ya mlonge na kuchekecha mara mbili.

Alisema unga huo unaponya kisukari.

Mama yangu ana kisukari mwaka wa tisa sasa. Anaishi Ngulyati na kaka na wifi, kwenye mji wetu wa siku zote, wenye zizi nyuma na shamba la pamba mbele. Mimi ninafundisha Biolojia katika shule ya sekondari hapo Bariadi mjini, na kila Jumamosi nilikuwa nikienda kumpima sukari kwa mashine ndogo niliyoinunua mwaka alioanza kuumwa. Miezi ile kabla ya kopo, sukari yake ilikuwa haikamatiki. Leo kumi na mbili, Jumamosi inayofuata kumi na nne. Vidonge alikuwa anameza akikumbuka. Chai alikuwa anaweka sukari ya kutosha, kisha ananiambia ni ya wageni.

Mkwe hakuwa mchuuzi wa dawa. Ningefurahi kama angekuwa, maana mchuuzi ningejua la kumwambia. Yeye hakutaka chochote. Alikuwa amesikia sauti iliyokuwa ikizunguka kwenye simu za watu, ya mwanaume mmoja aliyekuwa akieleza kwa upole jinsi alivyokata tamaa na vidonge na jinsi bamia zilivyomrudisha kwenye hali yake. Alipoisikia akamkumbuka mama yangu, akaenda shambani kwake kuchuma. Masharti aliyashika kichwani kama sala. Vijiko viwili kwenye uji wa mtama, kila asubuhi. Asionje sukari, soda wala matobolwa, yale ya viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa, ambayo mama anayapenda kuliko nyama. Na asichanganye na vidonge vya hospitali, kwa sababu vitagombana tumboni.

Kwenye hilo la mwisho nilifungua mdomo. Mama akanitazama mara moja tu, nikaufunga.

Niwaeleze wasiotujua vizuri. Kwetu mkwe si mgeni wa kawaida. Anachokuletea hukinusi ukakiweka kando. Unapokea kwa mikono miwili, unasifu, na chombo chake hakirudi kwake kitupu. Kikija na maziwa kinarudi na karanga. Kikija na karanga kinarudi na mchele. Anayemrudishia mkwe chakula chake, au akakiacha kioze, ni kama amemwambia kwamba hata binti yako hatumtaki. Wifi alikuwa amekaa palepale mlangoni, na mtoto mgongoni, anatusikiliza.

Mama akapokea kopo kwa mikono miwili. Akasema kwa sauti ya kusikika hadi zizini kwamba kuanzia kesho anaacha vidonge.

Nilimfuata jioni alipokuwa akichambua mchele peke yake. Nikamweleza taratibu, kama ninavyowaeleza kidato cha pili. Chakula tunachokula hugeuka sukari kwenye damu, nikamwambia, na sukari hiyo inahitaji kufunguliwa mlango ili iingie kwenye misuli ikafanye kazi. Kwako mlango umekuwa mzito. Vidonge vinakusaidia kuusukuma. Bamia ni mboga nzuri, ule ute wake na nyuzinyuzi zake hufanya sukari iingie kwenye damu polepole, na mtu wa kisukari akila bamia anafanya vyema. Lakini polepole si kupona. Bamia haitengenezi mlango.

Mama alisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza. Kisha akauliza, "Mwalimu, unataka nimrudishie mkwe unga wake?"

Nikasema hapana, ule tu kama mboga, na vidonge umeze.

"Nimekuelewa," akasema, akaendelea kuchambua mchele.

Nikarudi mjini nikiwa na amani. Niliamini kwamba nimefundisha na nimeeleweka.

Jumamosi iliyofuata nilikuta mfuko wa vidonge unaning'inia kwenye msumari wake ukutani, na vidonge ndani ni vilevile nilivyoviacha. Nilivihesabu. Wifi akanithibitishia: mama anakunywa uji wenye unga kila asubuhi, anatoka na bakuli lake kwenda kuota jua karibu na zizi, anarudi na bakuli tupu. Vidonge hajavigusa. Nikampima mama kwa hasira kidogo, nikijiandaa kumwonyesha namba itakayomtisha.

Ilikuwa kumi.

Jumamosi ya pili ikawa tisa. Baada ya mwezi ikawa saba, namba ambayo sikuwahi kuiona kwenye kidole cha mama tangu niinunue mashine ile.

Sasa nifanyeje? Nilianza na mashine. Nikajipima mwenyewe, ikasema mimi ni mzima. Nikanunua vipimo vipya, vile vijiti vya kuwekea damu, nikidhani vya zamani vimeharibika kwa joto. Saba. Nikaazima mashine ya mwalimu mwenzangu ambaye naye ana kisukari. Saba na nukta kidogo. Mwisho nikampeleka mama zahanati kwa kisingizio cha kumpima presha. Muuguzi akampima vyote, akaandika kwenye kadi, akamtazama mama kwa furaha na kusema, "Mama, endelea hivyohivyo."

Nilikuwa nimesimama hapohapo. Nilitaka kumuuliza kama anajua kwamba hivyohivyo maana yake ni unga wa bamia. Sikuuliza. Niliona aibu. Mwalimu wa Biolojia, kumwambia muuguzi kwamba mama yake ameacha dawa na amepata nafuu, na mwalimu hana maelezo! Tukatoka, mama ametangulia, anatembea kwa mwendo ambao sikuuona miaka mingi.

Kopo likaisha, likarudi Mwamapalala likiwa limejaa mchele. Likaja tena limejaa unga. Likarudi tena. Kwa mkwe, kila kopo lililorudi na mchele lilikuwa habari kwamba unga umekwisha na mgonjwa anaendelea vizuri. Wanawake wa jumuiya ya kanisa ya mama walianza kupita nyumbani kuuliza masharti, na mama aliyataja yote bila kukosea.

Miezi hiyo nilikuwa mtu wa ajabu hata kwangu mwenyewe. Darasani msichana mmoja wa kidato cha tatu alinyoosha mkono wakati nafundisha kongosho. Bibi yake alisikia kwamba bamia inaponya kisukari, akataka kujua ni kweli. Mwaka uliopita swali hilo ningelijibu kwa sentensi mbili nikiwa nimegeukia ubao. Safari hii nilisimama na chaki mkononi. Niliona namba saba mbele ya macho yangu. Nikasema ni swali zuri, tutaliangalia kipindi kijacho. Kipindi kijacho nilianza mada nyingine.

Sikuwa nimeamini. Nataka nieleweke hapo. Sikuwahi kuamini kwamba unga ule umemponya mama. Ila sikuwa tena na uhakika wa kutoamini, na mtu wa namna hiyo ni rahisi sana kunyamaza.

Nikiwa kwenye hali hiyo, mjomba alipiga simu.

Mjomba ni mdogo wake mama, anaishi Kimali huko Meatu, na maisha yake yote ni ng'ombe. Naye ana kisukari, mwaka wa nne. Si mtu wa hospitali. Vidonge vyake alikuwa anavimeza kwa kulazimishwa na mke wake, na kila tukikutana huniambia kwamba ng'ombe wake wanakula majani tu na hajaona hata mmoja mwenye sukari. Siku hiyo hakutania. Alisema amezungumza na dada yake, dada yake amemwambia amepona kwa unga, na sasa ananiuliza mimi kwa sababu mimi ndiye niliyesoma.

"Dada amepona au hajapona?"

"Sukari yake imeshuka, mjomba."

"Kwa ule unga?"

"Imeshuka tangu alipoanza ule unga. Hilo siwezi kulikataa."

"Basi, mwalimu," akasema. Akaniuliza habari za shule, akaniaga.

Hakuna nilichosema ambacho kilikuwa uongo. Nimerudia maneno yale kichwani mara nyingi, na kila mara yanabaki kuwa kweli, na kila mara yananitia baridi. Alikuwa ameniuliza kama aache dawa. Hakulitamka hivyo, lakini ndilo swali lililokuwepo, na mimi nilijibu swali jingine.

Mwezi wa tisa, pamba ikiwa imeshauzwa na watu wakiwa na nafasi ya kutembeleana, mjomba alikuja Ngulyati kuchukua unga wake. Aliusikia kwa dada yake, wifi akamwagizia kwa mama yake, na mkwe, kwa heshima ya ndugu wa mama yangu, akasema atamletea mwenyewe. Alifika asubuhi na makopo mawili. Kwa hiyo Jumamosi ile nilipoingia uani niliwakuta wote kwenye kivuli cha nyumba: mama kwenye kigoda, mkwe kwenye kiti chenye egemeo, wifi akimimina chai isiyo na sukari, na mjomba kwenye benchi, amenyoosha mguu mmoja.

Nilisalimia, "Mwangaluka," wakaitikia. Mjomba akanikaribisha kwa utani wake kwamba mwalimu amekuja kutupa mtihani, tufiche madaftari. Nilicheka. Ndipo nikaona kwamba katambuga yake, ile sandali ya tairi, ilikuwa imekatwa mkanda wa mbele, na kidole gumba kimefungwa kitambaa.

Nikamuuliza amefanya nini. Akasema ni mwiba tu, wiki ya tatu sasa, akafungua kitambaa mwenyewe kunionyesha. Kidole kilikuwa cheusi upande mmoja na kimevimba, na wekundu umepanda hadi kwenye wayo. Harufu ilitufikia sote. Wifi alisimamisha birika hewani.

"Hakiumi hata kidogo," mjomba akasema, kama anayejisifu. Akakigonga kwa kidole cha mkono ili tuone.

Hilo la kutouma ndilo lililonitisha. Sukari ikikaa juu muda mrefu huua hisia za miguuni, na mtu anatembea juu ya kidonda wiki tatu akidhani ni mwiba. Nikamuuliza aliacha vidonge lini. Akanitazama kwa mshangao, kama mtu anayeulizwa jambo ambalo muulizaji analijua.

"Tangu tuliposema kwenye simu."

Mkwe hakuwa amefuata mazungumzo yale vizuri, au labda alifuata na akaona dawa ndiyo hii, ipo mkononi. Akachukua kopo moja, akalifungua kanga yake, akamkabidhi mjomba. Akamwambia vijiko viwili kila asubuhi, na kidonda kitakauka, maana sukari ikishuka kidonda hukauka chenyewe. Mjomba akapokea kwa mikono miwili. Mimi nilianza kusema jambo, nadhani lilikuwa juu ya hospitali, lakini lilitoka kwa Kiswahili cha darasani na hakuna aliyenisikiliza. Mjomba alikuwa akisifu unga. Nani angemsikiliza mwenye maelezo wakati mwenye kupona amekaa pale kwenye kigoda?

Mama akasimama. Akaingia ndani, tukasikia anasogeza vitu, akatoka na kibuyu kikubwa cha kusukia maziwa, ambacho hakijasukwa tangu baba alipofariki. Akakipindua katikati yetu. Zikaanguka kadi ya zahanati na karatasi za vidonge, zile za fedha, nyingi zikiwa tupu, zimebonyezwa kila tundu.

"Huo unga sijawahi kuunywa," akasema.

Alisema kwa Kisukuma, akimtazama mdogo wake na si mkwe.  Mtoto wa wifi akaokota karatasi moja, wifi akamnyang'anya.

"Na uji?" wifi akauliza, kwa sauti ndogo. Yeye ndiye aliyeupika kila asubuhi, miezi minne.

"Ndama."

Sote tukageuka kutazama zizi, hata mkwe. Ndama mwekundu alikuwa amesimama pale amenenepa kama mtoto wa tajiri. Siku nyingine mjomba angepata utani wa mwaka mzima. Hakucheka. Akasema, "Dada, uliniambia umepona."

"Ulinipigia simu mkwe akiwa amekuja, amekaa hapa. Ulitaka nikwambie nini?"

Mambo yaliyofuata niliyaona lakini bado sijui niyaiteje. Mkwe aliinuka kwenye kiti chake. Nilidhani anaondoka. Akamwendea mjomba, akanyoosha mikono, akalichukua lile kopo kutoka mikononi mwake. Kitu ukishampa mtu wa ukweni hukichukui tena. Sijawahi kuona kikifanyika kabla wala baada ya hapo. Akalifunga kwa kanga yake polepole, mafundo mawili, akaliweka chini karibu na lile jingine. Kisha akamwambia wifi amwite mume wake na pikipiki, mjomba apelekwe Bariadi sasa hivi.

Mjomba alikatwa kidole gumba. Mguu ulibaki. Daktari alinieleza kwa maneno machache kwamba uchafu ulikuwa unapanda, na hakutaka kusema ungefika wapi kama tungechelewa zaidi. Sukari yake siku alipofika, mashine ya hospitali haikutaja namba. Iliandika tu kwamba iko juu.

Siku nne nilikaa na mama kwenye varanda ya wodi tukisubiri saa ya kuona wagonjwa, na ni pale nilipata maelezo niliyoyatafuta miezi minne kwa mashine mbili. Nilimuuliza: kama ulikuwa unameza vidonge vilevile vya siku zote, kwa nini sukari ilishuka safari hii?

Aliniona sijui kitu. Akanieleza taratibu, kama mimi nilivyomweleza siku ya mchele. Alishindwa kunywa unga kwa sababu alinielewa. Nilimwambia mlango hautengenezwi na bamia, na alipouonja kwa ncha ya ulimi siku ya kwanza akauona ni mboga tu. Lakini kumkatalia mkwe hakuweza. Basi akajiuliza: nikisema natumia unga wa mkwe, kisha nikaugua, nani ataaibika? Mkwe. Kwa hiyo asiugue. Vidonge alivimeza asubuhi na jioni, hakuruka hata siku moja, akijificha wifi asimwone. Vile vya msumarini aliviacha vionekane. Vipya alivichukua zahanati siku za mnada. Sukari hakuweka kwenye chai kwa sababu mkwe alikataza na wifi alikuwa akitazama. Matobolwa hakula. Soda hakunywa hata harusini.

"Nilimtunzia heshima yake," akasema. "Nilikuwa mgonjwa mzuri kwa ajili yake."

Na muuguzi aliyesema endelea hivyohivyo alikuwa anajua anachosema. Alikuwa akimpa vidonge kila mwezi. Kati ya wote waliompima mama, asiyejua kitu ni mimi mwenye mashine.

Nimeliwaza jambo hili sana, na kosa langu sasa ninaliona mahali lilipokuwa. Nilihangaika kujua unga unafanya nini ndani ya mama. Sikuuliza mama anafanya nini siku nzima. Mtu akikuambia alikula kitu fulani akapona, mara nyingi hadanganyi kuhusu kupata nafuu. Uliza kwa upole, kama unavyouliza habari za nyumbani: na kitu gani kingine kilibadilika? Ulipunguza nini? Ulikatazwa nini? Dawa zako zipo wapi? Masharti yanayokuja na vyakula hivi mara nyingi ndiyo yenye kazi, na chakula kinabeba sifa. Ningemuuliza mama maswali hayo manne nikiwa peke yangu naye, angecheka, angenionyesha kibuyu.

Lakini sitaki kujifanya kwamba yote yamenikalia sawa. Heshima ileile iliyomfanya mama ameze vidonge bila kuruka ndiyo iliyomtoa mjomba kidole. Sijui niishukuru au niilaumu. Na mkwe, ambaye watu wa mjini wakisikia habari hii wanataka nimseme vibaya, ndiye aliyekuwa wa kwanza kutamka hospitali.

Kwa mjomba nilikwenda kitandani, nikamwomba msamaha kwa jibu langu la simu. Nilitegemea aniambie si kitu. Akatazama mguu wake uliofungwa.

"Mwanafunzi akijibu hivyo kwenye mtihani, unampa maksi ngapi?"

"Sifuri, mjomba."

"Mpe mbili. Ameandika jina lake vizuri."

Anameza vidonge sasa. Anasema anavihesabu jioni pamoja na ng'ombe.

Shuleni niliwarudisha kidato cha tatu kwenye kongosho, ingawa mada ilishapita. Nikamtafuta yule msichana kwa macho nikamwambia swali lake lilikuwa zuri na mimi nilikimbia. Nikawaeleza bamia inafanya nini na haifanyi nini, na kwamba bibi anaweza kula bamia kila siku ya Mungu, ilimradi dawa zake asiziache na kliniki asikose. Akauliza, je, bibi akikataa? Nikamwambia asibishane naye. Akae naye, amuulize anakula nini na anahisi nini, amsindikize zahanati. Akaandika. Sijui kama linatosha.

Mkwe hakuja tena miezi miwili. Makopo yote mawili yalibaki kwetu, juu ya kabati, na mama alikuwa akiyatazama kama mtu anayetazama barua asiyojua kuijibu. Kuyarudisha na unga wake ndani ilikuwa ni tusi. Kuyarudisha matupu haiwezekani. Mwisho akamwaga unga kwa ndama, waziwazi safari hii, mbele ya wifi. Akayaosha, akayajaza mchele mpya yote mawili, na kumpa wifi aliyekuwa anakwenda kwao kusalimia. Ujumbe hakutuma. Wifi aliporudi alisema mama yake alipokea, akauliza kidole cha mjomba kimepona, basi.

Wiki tatu baadaye kopo moja likarudi, kwa mkono wa jirani yao aliyekuwa anakuja mnadani. Kanga ileile, mafundo mawili. Nilikuwepo. Mama alilifungua polepole, akaingiza mkono, akatoa kiganja kilichojaa bamia kavu. Zilikuwa zimekatwa vipande vya mviringo, vinavyoonekana kama vifungo. Hazikuwa zimetwangwa. Mlonge haukuwemo. Ilikuwa mboga, ya kupikwa na karanga na kuliwa na ugali.

Mama akazigeuzageuza kiganjani. Kisha akaniomba simu yangu, ampigie mkwe amwambie zimekuwa tamu.

Nikaishika simu bila kumpa.

"Kula kwanza, mama," nikamwambia.

Akanitazama, akacheka mpaka akalazimika kuziweka bamia chini. Wifi akaenda kuinjika chungu.